Mti wa Dirisha: Habari za Mbao Zinazosimama Mvuani

Mlango ukiharibika, mwenye nyumba huutengeneza siku ile ile, kwa maana mwizi hangoji. Dirisha likiharibika huzibwa kwa kipande cha kartoni, na kartoni ile hukaa mpaka watu waisahau. Tumeona hivyo katika nyumba nyingi, na katika makanisa pia.

Wazee wa parokia moja ya kando ya ziwa Tanganyika walituletea swali lao, nalo ndilo lililotufanya tuandike habari hizi. Kanisa lao lina madirisha ya zamani ya mbao za muvula, yaliyowekwa kabla wao hawajazaliwa. Rangi imebanduka, vioo vingine vimevunjika, lakini mbao zenyewe ukizigonga zinatoa sauti kavu, kama za jana. Nyuma ya kanisa waliongeza chumba, wakaweka madirisha mapya, ya mbao walizouziwa sokoni kwa jina lile lile la muvula. Baada ya mvua za miaka minne tu, ubao wa chini wa madirisha hayo mapya umekuwa laini kama muhogo uliolowekwa. Basi wengine wanasema: "Tung'oe yote, ya zamani na mapya, tuweke ya alimini." Wengine wanasema: "Miti ya siku hizi si miti tena." Nao wengine, wenye hasira, wanasema kwamba muuzaji aliwadanganya, aliwapa mti mwingine.

Tulikwenda kuyatazama madirisha hayo kwa macho yetu. Lakini kabla ya kujibu yafaa turudi nyuma kidogo, kwani dirisha si kitu cha zamani sana katika nchi yetu, na historia yake yatufundisha mengi juu ya mti.

Nyumba za babu zetu hazikuwa na madirisha. Zilikuwa na mlango, na moshi ulitafuta njia yake katika nyasi za paa. Moshi huo huo ulifukuza wadudu na kuhifadhi fito. Mtu asidhani kwamba wazee hawakujua kuchagua mti. Kinyume chake. Kila kazi ilikuwa na mti wake: mti wa mtumbwi si mti wa mpini, na mti wa kinu si mti wa ngoma. Mzee aliyechonga mtumbwi wa ziwani alijua ni mti upi hupasuka juani, na ni upi hukaa majini miaka mingi. Ila kazi ya dirisha ilikuwa ngeni. Mtumbwi hukaa majini, nao mpini hukaa ndani ya nyumba. Dirisha lina shida yake peke yake: asubuhi lanyeshewa, mchana lapigwa na jua, usiku lapata umande, na upande wake wa ndani ni mkavu wakati upande wa nje umelowa. Tena limeungwa kwa vipande vyembamba, vyenye tundu na ulimi, na kila kiungo ni mlango wa maji. Kisha twataka lifunguke na kufungika bila kukwama. Hakuna kifaa kingine cha mbao katika nyumba kinachodaiwa mambo mengi namna hiyo.

Watu wa pwani ndio waliotangulia kulijua jambo hili. Katika Lamu, Unguja na Bagamoyo nyumba za mawe zilikuwa na madirisha yenye milango miwili ya mbao na nondo, bila kioo, ili upepo wa bahari uingie na jua lisiingie. Mafundi wa huko walipenda mbao za aina mbili. Ya kwanza ni msaji, uliokuja kwa majahazi kutoka Uhindi. Huo una mafuta ndani yake, haupindiki, na mchwa hawautaki. Ya pili ni mvule wa bara, ndio ule sisi tunaouita muvula, na ambao wafanya biashara wa Congo huuita kambala, na wale wa Ulaya iroko. Milango ya Unguja iliyochongwa kwa maua na minyororo yajulikana dunia nzima. Madirisha hayasifiwi na mtu, lakini nayo yalisimama mbele ya upepo wa chumvi miaka mia na zaidi, na kwa kazi ya seremala hiyo ni sifa kubwa kuliko maua.

Biashara ya misafara ilipofika Ujiji, na kuvuka ziwa mpaka Nyangwe, ambako Livingstone alifika mwaka 1871, na Kasongo, makao ya Tippu Tip, mazoea ya pwani yalifuata njia ile ile: lugha yetu hii, mchele, maembe, na nyumba za pembe nne. Hatuwezi kuwasifu watu wale kwa kazi yao ya utumwa; damu iliyomwagika Maniema haisahauliki. Lakini mwenye kuandika historia haachi kutaja kwamba msumeno na randa vilipita njia moja na minyororo.

Ndipo wakaja wamisionari. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mapadri Weupe walifika upande wetu wa ziwa mwaka 1880. Mwaka 1883 wakajenga Kibanga, mwaka 1885 wakapokea ngome ya Mpala iliyoanzishwa na Kapteni Storms, na mwaka 1893 Padri Roelens, aliyekuja kuwa Askofu baadaye, akaanzisha Baudouinville, ndipo Kirungu, karibu na Moba ya leo. Mahali hapo ndipo tulipopata padri wa kwanza wa Congo, Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917.

Fikirini taabu ya dirisha moja katika siku zile. Kutoka pwani mpaka ziwani msafara ulichukua miezi mitatu au zaidi, na kila mzigo ulikaa juu ya kichwa cha mtu. Nani angebeba kioo? Reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914 tu, na ile ya kutoka Kabalo ilifika Albertville, yaani Kalemie, mwaka 1915. Kabla ya hapo ilibidi kila kitu kizito kitoke karibu: matofali kutoka udongo wa pale pale, chokaa kutoka mawe au makome, na mbao kutoka msitu wa jirani.

Mbao zilipasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo liliwekwa juu ya shimo. Mtu mmoja alisimama juu akifuata mstari, mwenzake alisimama chini shimoni, macho yakijaa unga wa mbao. Mbao za muvula zilikuwa adhabu kwa mtu wa shimoni, kwani unga wake huwasha ngozi na kuchoma pua. Tena muvula una tabia ya kuficha jiwe tumboni. Si mfano wa maneno: ni jiwe kweli, gumu, jeupe, la namna ya chokaa, ambalo mti hulitengeneza wenyewe mahali ulipoumia. Meno ya msumeno yakilikuta, kazi ya asubuhi imekwisha, watu huketi kunoa. Ndiyo maana kupasua gogo moja kulichukua siku nyingi. Mbao ziliwekwa chini ya paa, zikingojea ujenzi, na ujenzi ukangojea matofali, na matofali yakangojea kiangazi. Mbao ziliweza kungoja mwaka mzima, na mara nyingi zaidi.

Tafadhali shikeni jambo hili la kungoja, tutalirudia.

Huko upande wa bahari ya magharibi watu walijaribu njia nyingine, wakaagiza nyumba nzima kutoka Ulaya. Kule Boma lasimama bado kanisa dogo la chuma lililoletwa vipande vipande mwishoni mwa karne ya 19. Chuma kilikaa. Lakini mbao za msonobari wa Ulaya, ambazo kule kwao hazijui mchwa, kwetu ni karamu. Walioishi katika nyumba za namna hiyo walijifunza upesi kwamba mti wa nchi wajua adui wa nchi.

Katika Katanga hali ilikuwa tofauti na ya msituni. Pale nchi ni ya miti mifupi, ya kiangazi kirefu. Muvula si mwingi. Lakini pana mulombwa, ambao watu wa Tanganyika huuita mninga. Ukiukata unatoa maji mekundu kama damu, na kwa sababu hiyo wazee walifanya dawa nao. Fundi akiupata mulombwa hucheka peke yake, kwa maana ni mti mtulivu kuliko karibu miti yote ya Afrika: ukikauka haujikunji sana, na ukilowa hauvimbi sana. Kwa dirisha, tabia hiyo yapita ugumu. Pana na mupapa, mzito, unaokaribia kilo 800 kwa meta kibiki moja, wakati mulombwa na muvula ni kama kilo 600 mpaka 650. Mupapa haujali mvua wala mchwa, ila miti ya jamaa yake ina rangi ya manjano ndani ya vitundu vyake; ikinyeshewa kabla ya kupakwa rangi hutoa maji ya manjano na kuchafua ukuta mweupe chini ya dirisha. Tumeona ukuta wa namna hiyo. Ulionekana kama nyumba iliyolia.

Wakati wa Wabelgiji kazi ya kuijua miti ilifanywa kwa vitabu na vipimo. Huko Tervuren, karibu na Brussels, tangu mwaka 1898 walianza kukusanya vipande vya miti, na leo mkusanyo huo una vipande zaidi ya 50,000, vingi vikiwa vya Congo. Mwaka 1933 iliundwa INEAC, shirika la uchunguzi wa kilimo, nalo likaweka makao yake Yangambi, kando ya mto, chini ya Kisangani. Huko wataalamu walipima miti ya msitu mmoja mmoja: uzito wake, nguvu yake, kusinyaa kwake. Mwaka 1953 INEAC ilitoa kitabu kikubwa juu ya mbao za Congo, na hata leo wataalamu wanakitaja.

Namna ya kujua kama mti waoza upesi ni rahisi kueleza. Huchukuliwa vijiti vya miti mbalimbali, vya unene mmoja, vikachimbiwa udongoni, na kila mwaka huvutwa na kutazamwa. Kwa majaribio ya namna hiyo Ulaya wameweka madaraja matano. La kwanza ni la miti isiyooza upesi hata kidogo, la tano ni la miti inayooza mara moja. Msaji wa msitu wa zamani na jamaa ya mupapa wamo katika daraja la kwanza. Muvula na afromosia, ule mti mzuri wa msitu wa Kisangani, wako kati ya la kwanza na la pili. Sipo iko kati ya la pili na la tatu, na sapeli katika la tatu. Limba, ambayo kutoka Mayombe ilipelekwa Ulaya kwa wingi kuliko mti wowote, ni ya daraja la nne: ni nzuri kwa mbao za kubandika na kwa meza ya chumbani, lakini mwenye kuifanya dirisha la nje ajiandae kuifanya tena.

Hapa lazima tuseme neno ambalo wanunuzi wengi hawalijui, na bila neno hili madaraja yote ni bure. Daraja ni la kiini cha mti tu. Kila mti una sehemu mbili: kiini cha katikati, chenye rangi, na ule mti mweupe unaokizunguka chini ya ganda. Mti mweupe ndio unaopandisha maji kutoka mizizini wakati mti u hai. Umejaa wanga na utamu, chakula cha kuvu na cha wadudu. Kiini ni sehemu iliyokwisha kazi hiyo, na mti umeijaza dawa zake wenyewe. Basi mti mweupe wa muvula, wa msaji, wa mupapa, wote huoza sawasawa na mti wa ovyo. Muvula mkubwa wa zamani, ambao watu watatu hawauzungushi kwa mikono, una mti mweupe wa upana wa vidole vitatu au vinne, na ndani yake kiini tele. Muvula mchanga wa leo, unene wa ndoo mbili, una vidole vile vile vitatu au vinne kila upande. Hesabuni wenyewe kiini kinachobaki.

Tuwarudie wazee wa parokia. Tulipochukua kisu na kukwangua madirisha yale mapya tuliona wazi. Muuzaji hakudanganya: ilikuwa muvula kweli. Lakini ubao wa chini, ule unaopokea maji yote ya dirisha, ulikuwa nusu ya kahawia na nusu nyeupe. Nusu ya kahawia ilikuwa nzima, kisu hakiingii. Nusu nyeupe tuliitoa kwa kidole. Rangi ya mafuta ilikuwa imefunika yote mawili, na katika siku ya kununua hakuna aliyetazama ncha za mbao.

Tulikuta kosa la pili. Viungo vilikuwa wazi, ulimi ukicheza ndani ya tundu. Mbao zilipasuliwa porini kwa mashini ya mnyororo, zikafika sokoni juma lile lile, zikanunuliwa Jumamosi, zikawa dirisha kabla ya mwezi kwisha. Mti mbichi ni kama kitambaa kilicholowa: utaukata kwa kipimo, kisha utasinyaa na kipimo kitapotea. Wala hausinyai sawasawa. Kwa upande wa kufuata duara za mti husinyaa karibu mara mbili kuliko kwa upande wa kuelekea moyo wake, kwa hiyo ubao hupinda. Fundi wa zamani alichagua kwa dirisha zile mbao zilizopasuliwa kuelekea moyo wa mti, ambazo nyuzi zake zaonekana kama mistari iliyonyooka. Zile zenye picha ya milima na mawimbi, nzuri machoni, alizipeleka kwenye kabati. Kuvu nayo haiwezi kuishi katika mti mkavu. Yahitaji ubao wenye maji zaidi ya 20 kwa mia ya uzito wake mkavu. Ubao wa dirisha wafaa uwe umekauka mpaka 12 au 15 kwa mia kabla ya kupimwa na kukatwa. Mwaka ule wa kungojea matofali, uliowachosha wajenzi wa kwanza, ulikuwa ndio fundi wao mkubwa.

Kosa la tatu halikuwa la mti hata kidogo. Kanisa la zamani lina baraza pande zote, na paa lake latoka nje ya ukuta hatua mbili nzima. Mvua hailipigi dirisha ila kwa dhoruba. Chumba kipya kina paa lililokatwa sawa na ukuta, ili kupunguza mabati. Tuliwaambia wazee bila kuficha: hata mkileta msaji wa Uhindi, mahali hapa utateseka. Watu wanaosifu miti ya zamani husahau kusifu mabaraza ya zamani. Tunathubutu kusema kwamba nusu ya sifa ya madirisha ya misioni ni ya paa.

Mtu asidhani kwamba makosa haya ni yetu sisi tu. Uingereza, nchi yenye mafundi wengi, ilianguka katika shimo lile lile. Zamani walifanya madirisha ya mwaloni, baadaye ya msonobari uliokua polepole katika nchi za baridi za Baltiki, na mengine yamekaa miaka 200. Baada ya vita vya 1939 mpaka 1945 walihitaji nyumba nyingi kwa haraka. Walitumia misonobari michanga iliyokua upesi, yenye mti mweupe mwingi, wakaipaka rangi na kuiweka. Katika miaka ya 1960 na 1970 madirisha ya nyumba zile mpya yalianza kuoza kwa maelfu, wakati yale ya babu zao, barabara ya pili, yalikuwa bado imara. Ndipo wakaanza kudai mbao zitiwe dawa kwanza. Wengine huko Ulaya waligeukia miti migumu ya nchi za joto. Sapeli, sipo, kambala na afromosia kutoka Congo na majirani zake zikawa madirisha na milango ya Ubelgiji, Ujerumani na Uholanzi, na mengi yapo mpaka sasa, yakitazama theluji.

Na hapo ndipo historia yetu inapofika mahali pagumu. Mti wa dirisha jema hukua polepole, nao hukatwa kwa saa moja. Muvula ni mgumu kuupanda kwa wingi, kwani kuna mdudu mdogo anayeuma majani ya miche na kuyafanya yavimbe vifundo, na shamba zima la miche huharibika. Afromosia hupenda mwanga. Miche yake hufa kivulini, na hivyo chini ya miti mikubwa hamwoni watoto wake wengi. Mwaka 1992 afromosia iliingizwa katika orodha ya mapatano ya mataifa juu ya biashara ya viumbe vinavyopungua, maana yake haiwezi kuvuka mpaka bila kibali. Mukula, ndugu mwekundu wa mulombwa, ulikatwa katika Katanga na Zambia kwa fujo katika miaka ya 2010, ukapelekwa China kwa malori. Nao ukaingia orodhani mwaka 2019. Tangu mwaka 2023 wamo pia jamaa yote ya mulombwa, jamaa yote ya mupapa, na mikangazi ya Afrika. Orodha hiyo haimkatazi seremala wa kijijini kutengeneza dirisha la jirani yake. Lakini inatuambia kitu: miti ile ile ambayo fundi wa mwaka 1900 aliiona mlangoni pake, leo dunia yaihesabu.

Je, basi tutumie nini? Katika Kivu na Ituri watu hupata libuyu, mti wa jamaa moja na mkangazi, mwekundu, mwepisi kuchongwa. Ni mti wa kadiri. Wafaa dirisha lililo chini ya baraza na lenye kupakwa rangi kila baada ya miaka michache. Haufai ubao wa chini ulio wazi mvuani. Fundi mwenye akili huchanganya: viunzi vya libuyu, ubao wa chini wa muvula. Kwa njia hiyo muvula mdogo watosha madirisha mengi. Eukalipto, iliyo kila kilima cha Bukavu na Butembo, ni nzuri kwa nguzo na kwa paa, lakini kwa dirisha ni mti wa ghadhabu. Hujikunja kama nyoka akikauka juani, na nyingine huoza upesi. Tumesikia mafundi wakijisifu kwamba wameiweza, nasi twawasifu, ila madirisha yao hatujayaona yakiwa na miaka kumi.

Alimini haiozi, hilo ni kweli. Lakini hupitisha joto upesi kuliko mbao, bei yake si ya kila parokia, na kipande kimoja kikivunjika hakishoneki; lazima kitoke mjini. Dirisha la mbao lina heshima hii, kwamba kila fundi aliye na patasi aweza kulitibu.

Jambo moja dogo tulilojifunza siku ile latufaa sisi watu wa nchi ya shaba. Muvula na afromosia zina uchungu ndani yake unaogombana na chuma kikilowa. Msumari wa chuma hula kutu, na ubao unaouzunguka huwa mweusi kama uliomwagiwa wino. Mafundi wa Ulaya hutumia bawaba na misumari ya shaba nyeupe au ya chuma kisichoshika kutu. Shaba yetu yasafiri mpaka mwisho wa dunia, lakini dukani pa kijiji hakuna msumari mmoja wa shaba. Basi kwa sasa twashauri chuma kilichopakwa zinki, na rangi juu ya kichwa cha kila msumari.

Wazee walitusikiliza kwa saburi. Mmoja wao, aliyekuwa seremala ujanani, alitukatiza mara mbili, na mara zote alikuwa na haki. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba chini ya ubao wa nje wa kila dirisha la zamani pana mfereji mwembamba, upana wa penseli. Sisi tulikuwa tumepita bila kuuona. Maji yanayotambaa chini ya ubao yakifika kwenye mfereji hudondoka chini, hayafiki ukutani. Madirisha mapya hayana mfereji huo, na ubao wake umelala sawa kama meza, hata maji husimama juu yake.

Baada ya mashauri waliamua hivi. Madirisha ya zamani hayang'olewi. Yatakwanguliwa, yatatiwa mafuta ya kitani na kupakwa rangi, na vipande viwili tu vitabadilishwa, kwa sababu huko juu bati lilikuwa na tundu na maji yalipita miaka bila mtu kujua. Kwenye chumba kipya wataongeza kwanza mabati, ili paa litoke nje ya ukuta. Kisha watafanya upya mbao za chini, kwa kiini kitupu cha muvula, zenye mteremko wa kutoa maji nje na mfereji chini yake; viunzi vingine, vilivyo vizima, vitabaki na kukazwa viungo vyake.

Mbao wamekwisha kuzinunua. Safari hii yule seremala mzee alikwenda mwenyewe sokoni, akageuza kila ubao na kutazama ncha zake, akakataa zaidi ya alizozichukua, na muuzaji akanung'unika sana. Sasa zimepangwa nyuma ya shule chini ya bati, juu ya mawe ili mchwa wasizifikie, na kati ya ubao na ubao kuna vijiti ili upepo upite. Ncha zimepakwa rangi zisipasuke. Vijana wanataka kazi ianze mara moja, lakini mzee amekataa kuzigusa kabla kiangazi hakijapita.